Mrithi wa Njia ya Misafara: Mwanafunzi wa Kongo na Kiswahili cha Mji Mpya

1.0 Utangulizi

Mijadala kuhusu wanafunzi wa kigeni katika vyuo vikuu vya Tanzania huelekea kumchukulia mgeni kuwa mtu asiyejua Kiswahili. Mgeni wa namna hiyo huandaliwa kozi ya mwanzo, hufundishwa maamkizi, na kila sentensi anayoitamka kwa shida hushangiliwa. Yuko mgeni mwingine asiyetajwa sana, naye ni mwanafunzi aliyelelewa Bukavu, Goma au Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, anayewasili Dar es Salaam akiwa na Kiswahili chake cha tangu utotoni. Huyu hashangiliwi. Husahihishwa, na mara nyingi huchekwa.

Katika masomo mengi mihadhara hutolewa kwa Kiingereza, lugha ambayo yeye, aliyesomeshwa kwa Kifaransa, ndiyo kwanza anaikabili. Nje ya darasa, katika kutafuta chumba cha kupanga, kuuliza nauli na kununua mahitaji sokoni, amali kuu aliyokuja nayo ni Kiswahili. Amali hiyo ndiyo anayoambiwa kuwa ni mbovu. Makala haya yanadai kwamba jambo hili limevuka mipaka ya adabu. Ni tatizo la kitaaluma, na idara za Kiswahili zina wajibu wa kulitatua.

2.0 Kiswahili cha Njiani

Ili kuielewa lugha ya mwanafunzi huyo, inafaa kuanzia Tabora. Burton na Speke walipofika Kazeh, katika nchi ya Unyanyembe, mnamo Novemba 1857, waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani wamekwisha kujenga makazi. Hapo ndipo njia itokayo Bagamoyo ilipogawanyika. Tawi moja lilielekea upande wa Ziwa Viktoria, Karagwe na Buganda. Jingine lilikwenda magharibi hadi Ujiji, likavuka Ziwa Tanganyika na kuingia Manyema, kwenye vituo vya Nyangwe na Kasongo. Tippu Tip, ambaye baba yake aliishi Tabora na kuoa katika ukoo wa mtemi wa Unyanyembe, aliifuata njia hiyo na kuacha tawasifu iliyotungwa kwa Kiswahili. Hata hivyo, walioibeba lugha kwa wingi zaidi walikuwa wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya pili, iliyojifunzwa safarini na kambini, na kilitosha maadamu kilieleweka.

Si sahihi kudhani kwamba Kiswahili chote cha Kongo ni matokeo ya biashara ya pembe za ndovu na watumwa. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986, ameonyesha nafasi kubwa ya utawala wa Wabelgiji na ya migodi ya Katanga katika kukikuza Kiswahili cha Lubumbashi. Wakati Kiswahili hicho kikikua, upande wa mashariki wa ziwa Kiunguja kiliteuliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa usanifishaji, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kwa ajili ya Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo. Kwa hiyo mzungumzaji wa Bukavu hawezi kusemwa kuwa ameziacha kanuni za kamati hiyo, kwa kuwa kanuni hizo hazikuandikwa kwa ajili yake.

3.0 Lafudhi ya Lusu na "Kosa" la Bukavu

Mifano michache yatosha. Mwanafunzi huyo husema *mutu* na *batoto* pale ambapo Kiswahili sanifu kina *mtu* na *watoto*. Husema *ku soko* badala ya *sokoni*, na *niko nasoma* badala ya *ninasoma*. Msikilizaji wa Dar es Salaam huyapokea maumbo haya kama uharibifu. Mwanaisimu hana ruhusa hiyo. Kiambishi *ba-* ndicho ambacho isimu linganishi hukirejesha katika lugha mame ya Kibantu kwa ngeli ya wingi wa watu, na *wa-* ya Kiswahili sanifu ni umbo lililotokana nacho. Irabu ya *mu-*, ambayo Kiswahili sanifu kimeidondosha katika *mtu*, bado imo katika lugha nyingi za bara. Huko Lusu, wilayani Nzega, kaskazini mwa Tabora, wazee husema *munhu* na *banhu*, na nyumbani hupaita *kukaya*, kiambishi cha mahali kikitangulia nomino. Hakuna awachekaye, kwa sababu hiyo ni lugha yao.

Walinganishwe sasa vijana wawili wanaoanza mwaka wa kwanza. Wa kwanza ametoka Lusu, na kwa kuwa lugha yake ya kwanza haina sauti /r/, *barua* kwake huwa *balua* na *habari* huwa *habali*. Wa pili ametoka Bukavu. Wa kwanza huambiwa kwamba ana lafudhi ya bara. Wa pili huambiwa kwamba hajui Kiswahili.

Itajibiwa kwamba kijana wa Lusu hutofautiana katika sauti tu, ilhali wa Bukavu hutofautiana hata katika upatanisho wa kisarufi. Ni kweli, na umbali huo usifichwe. Lakini umbali ni suala la kiwango. Hauwezi kuigeuza lugha ya mtu kuwa ujinga wake. Kinachoongeza ukali wa hukumu ya pili ni mpaka wa nchi.

4.0 Utani na Kejeli

Wako watakaosema kwamba kucheka ni desturi ya wenyeji, na kwamba mgeni atazoea. Njia ya misafara ina jibu kwa hoja hii pia. Wanyamwezi wana utani na watu wa pwani, Wazaramo wakiwamo, na Stephen Rockel, katika utafiti wake wa mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa karne ya 19, ameuhusisha utani na maisha ya misafara. Utani humpa mgeni haki. Anayetaniwa ana ruhusa ya kujibu, na katika kujibizana huko wageni wawili hupata udugu, msaada wa ugonjwani na wa kuzikana. Kejeli haina haki hiyo. Mwanafunzi anayechekwa katika juma lake la kwanza hunyamaza. Akinyamaza, hutafuta wenzake wa kwao, wakazungumza Kifaransa, na miaka mitatu ya masomo hupita bila ya mji kuwa wake.

5.0 Mapendekezo na Hitimisho

Makala haya hayapingi usanifu. Tasnifu ya Kiswahili iandikwe kwa Kiswahili sanifu, na mwanafunzi wa Kongo adaiwe hivyo kama wengine. Yanayopendekezwa ni mambo matatu.

Kwanza, mwanafunzi huyo asiwekwe katika kozi ya wasiojua lugha. Aandaliwe kozi fupi ya ulinganishi, inayoanzia kwenye maumbo anayoyajua na kumwonyesha, kwa mfano, kwamba *makala* ya Lubumbashi ni mkaa, na ya Dar es Salaam ni maandishi kama haya. Pili, katika mazungumzo na semina, mwalimu atofautishe kosa na tofauti ya lahaja, na ayaeleze hayo mbele ya darasa zima. Tatu, Kiswahili cha Kongo kiingizwe katika mafunzo ya lahaja kwa uzito unaostahili lugha iliyotajwa na Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa.

Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na haielekei kwamba wanafunzi wa aina hii watapungua. Wahenga walisema *mgeni njoo, mwenyeji apone*. Mtafiti wa uzamili anayetafuta data ya lahaja hii hahitaji kuvuka Ziwa Tanganyika ili aanze kazi. Inawezekana msemaji wake ameketi safu ya nyuma katika ukumbi wa mihadhara, amenyamaza.