Bibi nusura azikwe tena!
Juzi kompyuta ya dada ilijaa pomoni, ikagoma kupokea picha za sendofu yake. Nikafungua Total Commander, nikabonyeza Alt na F7, nikaingia Advanced, nikaiagiza isake mafaili pacha. Kwa ujuaji wangu, nikatiki jina peke yake. Weee! Zikaja IMG_0001 tatu: kipaimara, pikniki na ile picha pekee ya marehemu bibi. Kamera nyingi huanza kuhesabu kwenye moja, majina yatakosaje kugongana? Na kidole kilishafika kwenye Delete, jamani! Nikarudi, nikatiki ukubwa na yaliyomo. Hapo ndipo wakaja pacha wa kweli, nikafyeka nikibakiza mojamoja. Dada bado anazihesabu, haniamini.