Kichwa Kidogo si Laana

Mtoto mwenye kichwa kidogo azaliwapo Voi au Taveta, asitokee mtu kumwita laana. Virusi vya rubela, au vya Zika vilivyogunduliwa Uganda mwaka 1947, huweza kuudhuru ubongo wake angali tumboni. Mama hana hatia. Ubongo uliodhurika huchelewesha shingo kukaza, mwili kuketi na miguu kusimama. Wengine huuliza mazoezi yana faida gani kwa mtoto ambaye huenda asitembee kamwe. Faida ipo: viungo visipozoezwa hukakamaa, na mtoto awezaye kuketi na kushika kijiko amepata sehemu ya uhuru wake. Amfichaye chumbani humwongezea kilema cha pili, ambacho hakikuletwa na virusi. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto huyu na apelekwe hospitali mapema, wala asionewe haya.