Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga walinena: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hawakusema mgeni aje ili wakala apone. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha hoja yangu.

Tazameni meli kubwa za watalii zitiapo nanga Zanzibar. Abiria hulala melini, hula melini, na wengi wao hata matembezi ya nchi kavu huyanunua melini. Hupakiwa katika mabasi, huzungushwa Mji Mkongwe kwa saa chache, huonyeshwa mahali palipokuwa soko la watumwa, kisha hurejeshwa bandarini. Kampuni ya meli hujikatia fungu lake, wakala naye lake; aijuaye mitaa ile tangu utotoni huambulia makombo. Wala si fedha tu ipoteayo. Msimulizi aliyepangiwa dakika kumi hana budi kuikata historia ya karne nyingi hadi ikabaki picha na kichekesho.

Watetezi wa mtindo huo husema: matembezi ya meli yakichelewa, meli huyangojea, aliyekwenda kwa hiari yake huachwa. Ni kweli. Lakini dawa yake ni kurudi mapema, si kuukabidhi ukarimu wetu kwa mfanyabiashara wa ng'ambo. Zanzibar ina waongozaji wenye leseni. Mgeni na apatane nao mwenyewe, ale kwa mama lishe, anunue mkeka mkononi mwa aliyeusuka.

Mjadala huu si mpya. Mwaka 1970 wasomi na vijana wa nchi hii walibishana gazetini juu ya utalii na ujamaa. Mwaka 1973 Issa Shivji aliuhariri mjadala huo ukawa kitabu. Swali lao lingali hai: utalii wamnufaisha nani, nao watufanya watu wa namna gani?

Mtauliza: Nalasi na meli, wapi na wapi? Nalasi iko bara, katika mkoa unaopakana na Msumbiji. Hata hivyo, tabia ya meli imekwishapanda mabasi ya shule zetu. Wanafunzi husafiri kupitia Tunduru na Namtumbo mpaka Songea, huingia Makumbusho ya Majimaji, hunakili majina ya mashujaa walionyongwa tarehe 27 Februari 1906, kisha hugeuza njia. Hawakuketi na mzee hata mmoja. Hao nao ni watalii wa meli, ila meli yao ina magurudumu.

Mwaka 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na wazao wa Songea Mbano, ambao kwa miaka mingi wamekidai kichwa cha babu yao, akaomba radhi. Ikiwa mkuu wa dola iliyotutawala aliona yampasa kuwasikiliza wenyeji, mwanafunzi wa Nalasi atasamehewaje kwa kuwapita?

Walimu, waandikieni wazee kabla ya safari, na ada ya maelezo iwafikie wao. Nanyi vijana, jifunzeni habari za kwenu: mikorosho ilivyopandwa, jando na unyago vilivyofundisha, Mto Ruvuma ulivyowavusha ndugu zetu wakati wa vita vya ukombozi. Siku mgeni atakapofika Nalasi, asiongozwe na karatasi iliyoandikwa mbali. Aongozwe na ninyi. Hapo ndipo mwenyeji atakapopona.