Kiwanja Kwanza, Mkeka Baadaye

Kijana wa miaka 15 akichukia kukimbia, msianze kwa kumfumba macho. Muulizeni mara ya mwisho alikimbizwa kwa kosa gani.

Nasema hivi kwa sababu shule anayosoma binti yangu, hapa Dar es Salaam, ilituita wazazi kutueleza mpango mpya. Wanafunzi wamekuwa wavivu wa mazoezi, tukaambiwa, hivyo watafundishwa uzingativu: kukaa kimya, kufuata pumzi inavyoingia na kutoka, kuusikiliza mwili bila kuuhukumu. Anayeusikiliza mwili wake atapenda kuutumia. Tukaoneshwa picha za mikeka. Kiwanja cha netiboli, kwa taarifa yenu, siku hizi ni maegesho ya mabasi.

Sina ugomvi na pumzi. Jon Kabat-Zinn alipoanzisha programu yake Massachusetts mwaka 1979, aliwafundisha wagonjwa kutulia, ndiyo, lakini pia aliwafundisha yoga na kutembea kwa kuzingatia kila hatua. Mwili ulikuwemo. Sisi tumechukua kile cha kukaa tu, maana mkeka ni rahisi kuliko kiwanja.

Na kukaa kwenyewe darasani hakujawa dawa. Uingereza walijaribu uzingativu katika shule 85, kwa watoto zaidi ya 8,000 wa miaka 11 hadi 14. Matokeo yalitoka mwaka 2022: afya ya akili yao haikuwa bora kuliko ya wenzao waliofundishwa kama kawaida, na wengi hawakujisumbua kufanya mazoezi hayo nyumbani. Utafiti ule haukuwa wa michezo, nakubali. Ila unatuambia jambo kuhusu kijana na kitu alicholetewa bila kuulizwa.

Shirika la Afya Duniani linataka vijana wajishughulishe dakika 60 kwa siku. Kwa makadirio yake ya mwaka 2016, asilimia 81 ya wenye umri wa miaka 11 hadi 17 hawafikii hapo. Wasichana ni 85, wavulana 78. Wanne katika kila watano! Na bado tunatafuta kasoro kichwani mwa mtoto mmoja mmoja.

Sisi ndio tuliomfundisha. Amechelewa: ruka kichura. Amepiga kelele: zunguka uwanja mara kumi. Hata mchakamchaka, wenye nyimbo tamu zinazopanga pumzi vizuri kuliko kengele yoyote ya utulivu, tuliuwekea mwalimu wa fimbo nyuma. Mtihani ukikaribia, hisabati inameza kipindi cha michezo. Msichana akivunja ungo hana pa kubadilishia nguo, na barazani wavulana wanamcheka anavyokimbia. Akikaa chini tunasema hana motisha. Huyu akiusikiliza mwili wake kwa dhati, utamwambia nini zaidi ya kwamba magoti bado yanauma kwa zile kokoto?

Nipeni vipindi viwili vya michezo kwa wiki visivyoguswa na mtu wa hisabati. Nipeni chumba chenye mlango na maji kwa wasichana, na tamko la maandishi kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa kukimbizwa. Wakishacheza, anayetaka kulala chali na kuzifuata pumzi zake akiwa amelowa jasho, na afanye hivyo. Mikeka nitanunua mimi.