Sepsisi haingoji usafiri

Ndugu Mhariri,

Mwanafunzi wangu alijikata mguu kwa jembe. Siku ya tatu akawa na homa, anahema haraka na kuropoka. Sisi tukadhani malaria. Kumbe ni sepsisi, yaani mwili unapambana na maambukizi hadi unajidhuru wenyewe. Alipona kwa dripu na sindano.

Mwaka 2017 hali hiyo iliua watu wapatao milioni 11 duniani. Presha ikishashuka, antibiotiki hutakiwa ndani ya saa moja, nasi wa Isikizya saa hiyo huishia barabarani. Mpango wa m-mama, kwa simu 115, hubeba wajawazito, wazazi na vichanga. Vizuri sana. Lakini je, mtoto wa miaka 10 atafutiwe bodaboda? Wizara ya Afya iupanue.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Isikizya, Tabora.