Kijana na Ufunguo wa Motokaa

Msomaji, huenda una miaka 15 au 16, na huenda Jumapili moja baba yako atakuita uani, akutupie ufunguo wa motokaa, aseme, "Njoo, leo nitakufundisha." Moyo wako utaruka kwa furaha. Nakusihi uurudishe ufunguo huo kwa mikono miwili na kwa heshima zote. Najua ombi langu ni zito, kwani mtoto wa kwetu hakuzoezwa kumkatalia babaye hata kazi ngumu, sembuse zawadi. Lakini nisikilize kwanza, kisha uhukumu.

Watetezi wa desturi hii wana hoja tatu. Husema kwamba kijana asiyefundishwa na mzazi wake atafundishwa na rafiki zake, usiku, kwa siri. Husema kwamba njia za mashambani hazina watu. Husema tena kwamba wao wenyewe walifundishwa hivyo, nao wangali hai. Hoja ya kwanza ina uzito, nami nitairudia. Ya tatu ni kichekesho, maana waliokufa hawawezi kuja kutoa ushahidi wao. Ya pili si kweli, nami ni shahidi.

Marehemu baba yangu, mtu mpole na mcha Mungu, alinifundisha nikiwa na miaka 14 katika njia ya udongo iliyopita baina ya mashamba ya mkonge huko Kilifi. Nilikalia mto ili nipate kuona mbele. Siku ya tatu nilikwisha jiona dereva kamili. Mahali penye kona mama mmoja akatokeza katika mkonge, ndoo ya maji kichwani. Baba akapiga ukelele, "Breki!" Mguu wangu ulijua breki ilipo, lakini hofu iliuongoza kwingine, nikakanyaga mafuta. Baba akaunyakua usukani, motokaa ikajitoma katika mkonge, ndoo ikaanguka. Yule mama hakuguswa. Aliketi chini akitetemeka, maji yakimchuruzika usoni. Baba alimwomba radhi, akampa fedha za ndoo, na njiani akaniambia, "Mama yako asijue." Hata jina la yule mwanamke hatukuliuliza. Siku ile sikujifunza kuendesha motokaa. Nilijifunza kwamba kosa la barabarani husitiriwa kwa noti na kwa kunyamaza.

Basi niambie, katika nchi yetu iko wapi njia isiyo na watu? Kila kichochoro kina mchota maji, mchunga mbuzi, mtoto aendaye shule. Mwaka 2024 barabara za Kenya ziliua watu zaidi ya 4,000, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la waendao kwa miguu. Duniani kote, ajali za barabarani huua watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29 kuliko ugonjwa wowote. Umri huo ni wako, msomaji, na wa ndugu zako wadogo.

Wewe umesoma hesabu, basi piga hesabu hii. Motokaa iendayo kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kwa sekunde moja. Dereva aonaye hatari huhitaji kama sekunde moja kabla mguu wake haujagusa breki, na mita hizo 14 zimekwisha kwenda bure. Mwendo ukiongezwa mara mbili, umbali wa kusimamisha motokaa baada ya breki kushika huwa mara nne. Sheria iliyoweka miaka 18 kuwa umri wa kupata leseni ya motokaa haikutungwa ili kuwaonea vijana. Mzazi aivunjaye mbele ya mwanawe humfundisha kwamba sheria ni ya watoto wa wengine.

Sasa nairudia hoja ya kwanza. Ni kweli, mzazi na afundishe! Wala hana haja ya kungoja Jumapili, kwa kuwa anakufundisha tangu ulipopakatwa na mama yako katika kiti cha nyuma. Umeona nini miaka yote hiyo? Umemwona akishika simu kwa mkono mmoja na usukani kwa mkono wa pili. Umeona foleni ikisimama, naye akakata kando kwa njia ya vumbi, mahali wanapopita wenye miguu. Umeiona noti iliyokunjwa ndani ya leseni. Mwaka 2004, kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kutumika, matatu zilitakiwa kuwa na mikanda, na vidhibiti mwendo visivyopita kilomita 80 kwa saa. Ikawa watu wazima wenye akili timamu huvuta mkanda wamwonapo polisi, na kuuachia wakimpita. Watoto waliokuwa wakitazama siku zile ndio madereva wa leo.

Wapo pia wazazi wangojao mpaka mtoto atimize miaka 18, kisha wakamnunulia mtihani kama wanunuavyo sukari. Hao siwatofautishi na wenye kutupa ufunguo uani. Baba mwema atakungoja upate leseni ya muda na kibao chenye herufi L, ukafunzwe na mwalimu. Kisha ataketi kando yako miezi mingi, mvua na jua, usiku na mchana, kwa kuwa masomo machache ya shule ya udereva hayatoshi kumfanya mtu dereva.

Wakati huo haujafika. Kwa hiyo mrudishie ufunguo wake. Huenda akacheka, huenda akanuna. Mwombe akuruhusu uketi mbele, ufunge mkanda, umsomee kila alama ya barabarani, naye akueleze kwa nini amepunguza mwendo hapa na kuuongeza pale. Na kabla hajatia gia, muulize kwa adabu kwa nini simu ingali mkononi mwake.