Maji ya Makutupora: Akiba ya Miaka Michache ya Neema

Tangu Serikali ya Tanzania ilipoanza kuhamia rasmi Dodoma mwaka 2016, jiji hili limepanuka kwa kasi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu mkoani Dodoma watu zaidi kidogo ya milioni 2. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 3. Nyumba, ofisi, shule na makanisa yanaongezeka, na chini ya kila paa jipya wamo watu wanaohitaji maji. Kwa miongo mingi tegemeo kubwa la jiji limekuwa visima virefu vya Makutupora, upande wa kaskazini. Ni vema basi waamini tujiulize: maji hayo huingiaje ardhini, na ni nani anayeyarudisha tunapoyachota?

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, wenye wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Jua na upepo wa nchi hii vinaweza kukausha maji mara tatu ya kiasi hicho. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mvua haifiki kisimani kamwe. Hulowanisha udongo wa juu, hunywewa na mizizi, na inayobaki hurudi angani. Mvua ikikatika, unyevu ulio chini hupanda kupitia matundu membamba ya udongo, kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi wa koroboi. Udongo wa mfinyanzi huyavuta maji kutoka kina kirefu. Mchanga wa chembe kubwa huukata utambi huo mapema. Maji yakishafika juu hugeuka mvuke, lakini chumvi iliyoyeyuka ndani yake hubaki. Hii ndiyo asili ya ukoko mweupe uonekanao katika mbuga za Ugogo wakati wa kiangazi, ambao wenyeji wameukusanya tangu enzi za mababu.

Je, akiba ya Makutupora hujazwa lini? Kumbukumbu za kina cha maji zilizotunzwa hapo kwa miaka 55, ambazo uchambuzi wake ulichapishwa mwaka 2013, zinatoa jibu la kutafakarisha. Kwa miaka mingi mfululizo maji hushuka polepole. Kisha unakuja msimu wa mvua kubwa isiyo ya kawaida, na maji hupanda ghafla. Mfano mashuhuri ni mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998. Mafuriko ya namna hiyo hupita katika mito ya msimu, kama vile Kinyasungwe Mdogo, yakazama katika mchanga wake kwa wingi na haraka, kabla jua halijayawahi. Maana yake ni kwamba maji tunayochota leo yaliwekwa ardhini na miaka michache ya neema. Yusufu alipokuwa Misri aliweka nafaka ya miaka ya shibe kwa ajili ya miaka ya njaa. Sisi tumekuta ghala limekwisha kujazwa, na mara nyingi tunachota bila kuhesabu.

Majirani zetu wa Kitui, Machakos na Makueni nchini Kenya wameijifunza siri hii ya mchanga. Hujenga kuta imara kukatisha mito ya msimu. Nyuma ya ukuta hujaa mchanga, na maji hukaa katikati ya chembe zake. Jua hukausha tabaka la juu tu, na tabaka hilo kavu huwa blanketi la maji yaliyo chini. Kwa sababu hiyo, kuchimba mchanga mtoni ovyo kwa ajili ya ujenzi ni kuliondoa blanketi hilo na kuubomoa mlango ambao mafuriko huupitia kuingia ardhini.

Hayati Baba Mtakatifu Francisko, katika Waraka wake wa Laudato si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kupata maji safi na salama ni haki msingi ya kila binadamu. Fundisho hili lina uzito wa pekee hapa. Maji yakishuka, mwenye fedha huchimba kisima kirefu zaidi. Mama wa kijijini hubaki na ndoo yake kando ya kisima kifupi kilichokauka. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, kinasimulia jinsi wachungaji wa Gerari walivyogombana na watumishi wa Isaka juu ya visima. Ugomvi wa namna hiyo huanza pale akiba ya wote inapofanywa mali ya mwenye nguvu.

Yapo mambo ambayo Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zinaweza kuyaanza pasipo kusubiri wafadhili. Mkulima asichome mabua baada ya mavuno, bali ayaache yafunike udongo. Baada ya mvua, palizi nyepesi ivunje ukoko wa juu ili kuukata utambi. Parokia zifunge mifereji na matangi chini ya mapaa ya makanisa yao. Viongozi wa vijiji na mitaa, ambao wengi wao ni waamini wenzetu, wasimamie mchanga wa mito kama wasimamiavyo kisima chenyewe. Hatujui mvua kubwa ijayo itanyesha mwaka gani. Tujaliwe neema ya kuiandalia ardhi iliyo tayari kuipokea, na ya kugawana kwa haki kile ambacho miaka iliyopita ilituwekea.